Alabama Crimson Tide: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Makocha na Rekodi za Timu

Kila Januari, fainali ya futiboli ya vyuo vya Marekani inapokaribia, simu yangu hujaa maswali ya ndugu na marafiki waliokulia kwenye soka na sasa wameanza kuufuatilia mchezo huu. Mengi ni yale yale ya mwaka jana: Alabama ina mataji mangapi? Kwa nini ukurasa huu unasema kocha Nick Saban ameshinda mechi 206 na ule unasema 201? Nimeyakusanya hapa, kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale ya wapenda tarakimu.

Shika jambo moja kabla hujaendelea. Alabama ina daftari mbili: moja la yaliyotokea uwanjani, na jingine la yaliyobaki baada ya adhabu. Ubishi mwingi ninaousikia ni wa watu wawili wanaosoma daftari tofauti, na kila mmoja yuko sahihi kwa lake.

## Mambo ya mwanzo

1. Alabama ni klabu au ni chuo?

Ni chuo. Timu ni ya Chuo Kikuu cha Alabama kilichopo mji wa Tuscaloosa, na wachezaji ni wanafunzi. Ila usidhani watazamaji ni wanafunzi peke yao. Jimbo la Alabama halina timu ya NFL, ligi ya kulipwa, hivyo mapenzi yote ya futiboli yameangukia kwa vyuo viwili, Alabama na Auburn. Mtoto huzaliwa ndani ya upande, kama kwetu anavyozaliwa Simba au Yanga. Uwanja wa Bryant-Denny unachukua watu 100,077.

Wapenzi wa riadha huenda wanakijua chuo hiki kwa mlango mwingine. Mercy Chelangat na Doris Lemngole, Wakenya wote wawili, walitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani wakiwa na jezi ya Alabama.

2. "Crimson Tide" ni nini, na tembo anaingiaje?

Maana yake ni wimbi jekundu, wekundu ule wa damu ya mzee. Jina hilo huhusishwa na mechi ya 1907 dhidi ya Auburn mjini Birmingham. Uwanja ulikuwa tope la udongo mwekundu, jezi hazikutambulika tena, na Alabama waliokuwa wakionekana wanyonge wakatoka sare ya 6-6. Mwandishi mmoja wa gazeti la Birmingham akawafananisha na wimbi jekundu, na jina likaganda.

Tembo alikuja 1930. Wachezaji wa mwaka ule walikuwa na miili mikubwa kiasi kwamba mwandishi wa Atlanta aliripoti jinsi jukwaa lilivyonguruma walipoingia, watu wakiwaita tembo.

3. Rekodi kama 232-46-9 inasomwaje?

Ushindi, vipigo, sare. Hiyo ni rekodi ya Paul "Bear" Bryant akiwa Alabama: kashinda 232, kafungwa 46, katoka sare 9, jumla mechi 287. Ukitaka asilimia ya ushindi, kila sare inahesabiwa nusu. Kwa hiyo 236.5 gawanya kwa 287, unapata asilimia 82.4.

Makocha wa kuanzia 1996 hawana tarakimu ya tatu, kwa sababu mwaka huo vyuo vya daraja la juu vilianza kucheza muda wa nyongeza hadi apatikane mshindi. Kumbuka pia kwamba msimu ni mfupi. Zamani ulikuwa na mechi 10 au 11, miaka ya karibuni kabla ya 2024 timu iliyofika fainali ilicheza 14 au 15, na kwa msimu wa 2024 mfumo mpya ulizifikisha timu mbili kwenye mechi 16. Kupoteza mechi 2 peke yake kumezima ndoto za misimu mingi.

4. Nisipokuwa na muda, ni makocha gani niwajue kwanza?

Wanne: Wallace Wade (1923–1930), Frank Thomas (1931–1946), Bear Bryant (1958–1982) na Nick Saban (2007–2023). Kati ya mataji 18 ambayo chuo kinayahesabu, 17 ni ya hawa wanne. Moja lililobaki ni la Gene Stallings, mwaka 1992. Wengine wote waliopita, na ni wengi, hawana hata moja.

## Makocha, mmoja baada ya mwingine

5. Kwa nini wazee wa Alabama bado wanaizungumzia mechi ya 1926?

Kwa sababu kabla yake vyuo vya Kusini havikuhesabiwa. Magazeti ya Kaskazini na Magharibi yaliona futiboli halisi ni ya kwao. Kwenye Rose Bowl, mechi kubwa ya Mwaka Mpya huko Pasadena, California (Bowl ni mechi ya mwaliko ya mwisho wa msimu), hakuna timu ya Kusini iliyokuwa imewahi kucheza hadi walipofika vijana wa Wallace Wade.

Walivuka nchi kwa treni. Januari 1, 1926, wakakutana na Washington, na kufikia mapumziko walikuwa nyuma 12-0. Robo ya tatu ilipoanza mambo yakageuka: Alabama walifunga pointi 20 ndani ya robo hiyo moja. Pooley Hubert alipenya na mpira, kisha zikafuata pasi ndefu, na Johnny Mack Brown, ambaye baadaye angekuwa mwigizaji wa filamu za wachunga ng'ombe Hollywood, akafunga mara mbili. Washington walirudi wakafunga tena, lakini mechi iliisha 20-19. Kusini nzima ilisherehekea, hata watu ambao kwa kawaida waliiombea Alabama ipigwe.

Wade aliondoka baada ya msimu wa 1930 kwenda Duke, akiacha rekodi ya 61-13-3. Alikuwa ametangaza mapema mwaka huo kwamba anaondoka, kisha akacheza msimu wake wa mwisho bila kufungwa na kumaliza kwa kuichapa Washington State 24-0 kwenye Rose Bowl nyingine.

6. Frank Thomas ni nani? Mbona hatajwi sana?

Kwa sababu amekaa katikati ya majina makubwa zaidi, na naona anadhulumiwa. Thomas alichezea Notre Dame chini ya Knute Rockne, akaichukua Alabama 1931 na kuiacha na 115-24-7. Piga hesabu: ni asilimia 81.2, sawasawa na Wade, ila kwa mechi karibu mara mbili.

Timu yake ya 1934 ilishinda mechi zote 10, ikamaliza kwa kuifunga Stanford 29-13 kwenye Rose Bowl. Pembeni upande mmoja alicheza Don Hutson, mmoja wa wapokeaji bora waliowahi kutokea. Upande wa pili alikuwepo kijana wa Arkansas aitwaye Paul Bryant. Shinikizo la damu ndilo lililomwondoa Thomas. Mwaka 1946 alikuwa amedhoofika kiasi cha kusimamia mazoezi akiwa ameketi kwenye trela, akitoa maelekezo kwa kipaza sauti.

7. Kocha mbaya kuliko wote alikuwa nani?

Kwa tarakimu, J. B. Whitworth, 1955 hadi 1957: 4-24-2. Msimu wake wa kwanza alifungwa mechi zote 10. Aliyemtangulia, Red Drew, aliondoka na 54-28-7 na ubingwa wa kanda ya SEC wa 1953, kwa hiyo timu haikuwa magofu alipoipokea. Namtaja kwa sababu bila yeye huwezi kupima alichofanya aliyemfuata.

8. Bear Bryant alifanya nini hasa hadi uwanja ukaitwa kwa jina lake?

Alirudi nyumbani. Alikuwa amefundisha Maryland, Kentucky na Texas A&M, na alipoulizwa kwa nini anaacha kazi nzuri Texas, alijibu kwamba mama ameita. Msimu wake wa kwanza, 1958, alishinda mechi 5, moja zaidi ya Whitworth kwa miaka mitatu. Msimu wa nne, 1961, timu ilishinda zote 11, na wapinzani wote kwa pamoja waliambulia pointi 25. Pointi 25 kwa msimu mzima! Kuna timu leo zinafungwa hizo kabla ya mapumziko.

Mataji yake ni sita: 1961, 1964, 1965, 1973, 1978 na 1979. Ila mimi humpenda zaidi kwa alichofanya alipoteleza. Mwaka 1969 alimaliza 6-5, na 1970 akamaliza 6-5-1. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee amepitwa na wakati. Kiangazi cha 1971 akajifunza mfumo wa wishbone kutoka kwa Darrell Royal wa Texas, ambao unamweka kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi, mbele ya wakimbiaji watatu na kumwachia aamue kila mara nani abebe mpira. Akaufundisha kwa siri, mazoezi yakiwa yamefungwa, kisha akaenda Los Angeles na kuwafunga chuo cha Southern California 17-10 kabla mtu hajajua kilichomgonga. Kutoka hapo alitwaa mataji matatu zaidi.

Wengi wanamkumbuka kwa mkao: ameegemea mlingoti wa goli timu zikipasha misuli, kofia ya vyumbavyumba kichwani. Kwenye viwanja vyenye paa aliivua, kwa kuwa mama yake alimfundisha kwamba mwanamume havai kofia ndani ya nyumba. Novemba 28, 1981 aliifunga Auburn 28-17, ukawa ushindi wake wa 315, na akampita Amos Alonzo Stagg, kocha aliyekuwa akishikilia rekodi ya ushindi mwingi. Alistaafu na 323-85-17 kwa vyuo vyote alivyofundisha. Mechi ya mwisho ilikuwa Desemba 29, 1982. Alifariki Januari 26, 1983, siku 28 baadaye.

9. Ni kweli mechi moja ya 1970 ndiyo iliyowafungulia mlango wachezaji weusi?

Hadithi husimuliwa hivi: Septemba 12, 1970, Southern California walikuja Birmingham na kikosi chenye wachezaji weusi wengi, mmoja wao, Sam Cunningham, akakimbia yadi 135 na kufunga tachidauni 2 (kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani), Alabama wakachapwa 42-21, na usiku ule ule Kusini ikabadilika.

Kichapo kilitokea, na kiliwanyamazisha wengi waliokuwa wakipinga. Lakini mlango ulikuwa umeshaanza kufunguliwa. Majira ya kuchipua ya 1967 vijana weusi watano walijitokeza mazoezini bila ufadhili. Wilbur Jackson, mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa futiboli Alabama, alikuwa tayari chuoni siku ya mechi ile. Hakucheza kwa sababu kanuni za wakati huo zilimzuia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea kikosi kikuu. Mwaka 1971 John Mitchell akawa wa kwanza kushuka uwanjani, katika mechi ile ile ya wishbone niliyoitaja swali la 8, na 1973 akawa kocha msaidizi wa kwanza mweusi wa timu hiyo.

Nasisitiza hili kwa sababu hadithi ya mechi moja inampa sifa aliyefungwa na kuwasahau vijana watano waliokwenda wenyewe. Hiki ni chuo ambacho gavana George Wallace alisimama mlangoni mwake mwaka 1963 kuwazuia wanafunzi weusi wasiandikishwe. Kwenda kujiandikisha mazoezini miaka minne baada ya hapo kulihitaji moyo.

10. Kati ya Bryant na Saban kulikuwa na nani?

Miaka 24, na wengi. Ray Perkins (32-15-1) alikuwa mchezaji wa Bryant, akaja kutoka New York Giants. Msimu wa 1984 ulikuwa wa kwanza wa Alabama kupoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda tangu 1957. Bill Curry (26-10) alikuwa na rekodi nzuri, ila alipoteza mara tatu kati ya tatu kwa Auburn, na huko hilo halisameheki.

Gene Stallings (70-16-1 uwanjani) ndiye aliyeleta raha. Alichezea Texas A&M chini ya Bryant kisha akawa msaidizi wake. Alianza 1990 kwa vipigo vitatu mfululizo. Mwaka 1992 timu yake ilimaliza 13-0: ikashinda fainali ya kwanza kabisa ya SEC dhidi ya Florida, 28-21, kwa Antonio Langham kunasa pasi na kuikimbiza hadi mwisho, kisha ikaishangaza Miami 34-13 kwenye Sugar Bowl.

Baada yake Mike DuBose (24-23) alitwaa SEC 1999 na mwaka uliofuata akamaliza 3-8. Dennis Franchione (17-8) aliona timu ikifungiwa mechi za Bowl miaka miwili, akashinda 10 mwaka 2002, akaenda zake Texas A&M. Mike Shula (26-23 uwanjani) alipoondolewa mwishoni mwa 2006, Joe Kines alisimamia mechi moja ya Bowl na kuipoteza.

11. Saban alikuwa na siri gani?

Mwenyewe aliiita kwa neno la kawaida, mchakato. Mchezaji anaambiwa asiangalie ubao wa matokeo. Ashughulike na mpira huu uliopo sasa, sekunde chache tu, kisha unaofuata kana kwamba uliopita haukuwepo. Likirudiwa Jumatatu hadi Ijumaa kwa kila jambo, hata saa ya kula, linageuka tabia.

Alitoka Miami Dolphins Januari 2007, na msimu wa kwanza ulimtesa: 7-6, kukiwemo kipigo cha 21-14 kutoka Louisiana-Monroe, nyumbani. Baada ya hapo hakuna msimu hata mmoja, kati ya 16, ambao alishinda chini ya mechi 10. Mataji yakaja 2009, 2011, 2012, 2015, 2017 na 2020.

Ukitaka kuona mchakato huo ukifanya kazi, tafuta fainali ya Januari 8, 2018 dhidi ya Georgia. Mapumziko Alabama wako nyuma 13-0. Saban anamweka benchi Jalen Hurts, kwotabeki aliyekuwa amepoteza mechi chache mno katika misimu miwili, na kumwingiza Tua Tagovailoa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wanasawazisha. Muda wa nyongeza Georgia wanaongoza 23-20. Alabama wanapata mpira, na kwenye jaribio la kwanza (timu hupewa manne kusogea yadi 10) Tua anaangushwa, wanapoteza yadi 16. Ukumbi mzima kule Atlanta, na sebule nzima nilipokuwa, kimya. Jaribio la pili, yadi 26 zinahitajika. Tua anatazama kulia, beki anavutika naye, kisha anaurusha kushoto kwa DeVonta Smith, mwaka wa kwanza naye. Yadi 41, tachidauni, 26-23.

12. Basi nani mkubwa, Bryant au Saban?

Saban. Wana mataji sita kila mmoja Alabama, lakini Saban aliyapata kwa misimu 17 na Bryant kwa 25. Asilimia ya Saban ni 87.7, ya Bryant 82.4. Saban ana taji jingine la LSU mwaka 2003, jumla saba. Na zaidi ya yote, mabingwa wa enzi za Bryant walichaguliwa kwa kura (soma swali la 14), ilhali kila taji la Saban Alabama lilipatikana kwa kumfunga mpinzani kwenye fainali. Nimebishana na wazee wa Birmingham juu ya hili, nao hunijibu kwa jambo moja ambalo sina jibu lake: Saban alijenga juu ya jina ambalo Bryant alilitengeneza.

13. Nani yupo baada ya Saban?

Saban alistaafu Januari 10, 2024, na siku mbili baadaye akatangazwa Kalen DeBoer. Alitoka Washington, chuo kile kile kilichofungwa 20-19 mwaka 1926. Msimu wake wa kwanza ulikuwa 9-4, kukiwemo kipigo cha 40-35 kutoka Vanderbilt. Eneo la kuchezea sasa linaitwa Saban Field, kwa hiyo DeBoer anafanya kazi kila Jumamosi juu ya jina la mmoja na ndani ya kuta zenye jina la mwingine.

## Hesabu na ubishi wake

14. Mataji 18 yamehesabiwaje?

Kwa muda mrefu wa historia ya mchezo huu hapakuwa na fainali. Bingwa wa taifa alipatikana kwa kura za waandishi (AP, kuanzia 1936), kura za makocha (UPI), au kwa fomula za wataalamu mbalimbali wa takwimu. Mwaka mmoja ungeweza kuwa na mabingwa wawili au watatu, na kila chuo kilijiamulia kidai kipi.

Alabama inadai 1925, 1926, 1930, 1934, 1941, 1961, 1964, 1965, 1973, 1978, 1979, 1992, 2009, 2011, 2012, 2015, 2017 na 2020. Hadi miaka ya 1980 chuo kilikuwa kinahesabu hasa yale sita ya Bryant. Matano ya Wade na Thomas yaliingizwa kwenye orodha baadaye. Ndiyo maana ukifungua gazeti la zamani utakuta idadi isiyoingia akilini.

Kura nazo zilikuwa na vituko vyake vya kalenda. Mwaka 1964 Alabama ilitangazwa bingwa, kisha ikafungwa na Texas 21-17 kwenye Orange Bowl, na taji likabaki. Mwaka 1973 makocha wa UPI walipiga kura kabla ya Bowl, Alabama ikapewa, halafu Notre Dame ikaifunga 24-23. Mwaka uliofuata UPI ikahamisha kura yake hadi baada ya Bowl. Kwa 1978, AP iliichagua Alabama na UPI ikaichagua Southern California, ambayo ilikuwa imeifunga Alabama 24-14 Birmingham.

15. Na lile la 1941, linatetewa vipi?

Kwa shida. Timu ilimaliza 9-2, ikafungwa na Mississippi State na Vanderbilt bila kufunga pointi hata moja katika mechi zote mbili, na kura ya AP iliiweka nafasi ya 20. Bingwa wa AP alikuwa Minnesota. Taji la Alabama linatokana na fomula moja ya takwimu iliyoiweka ya kwanza. Kwenye Cotton Bowl waliifunga Texas A&M 29-21 kwa kunasa pasi na kuokota mipira iliyodondoshwa, na hilo ni la kuvutia, ila mimi ni shabiki na nasema wazi: 1941 lingeondolewa nisingelalamika.

16. Kama 1941 imo, mbona 1966 haimo?

Hilo ndilo donda. Mwaka 1966 Alabama ilishinda mechi zote 11 na kuichapa Nebraska 34-7 kwenye Sugar Bowl, ikitafuta taji la tatu mfululizo. Wapiga kura wakaziweka mbele Notre Dame na Michigan State, zilizotoka sare ya 10-10 zenyewe kwa zenyewe. Alabama ikawa ya tatu. Kikosi chake kilikuwa bado cha weupe watupu, na wapo wanaoamini hilo liliwagusa wapiga kura. Chuo hakijawahi kulidai taji la mwaka huo.

17. Kuna tofauti gani kati ya kupokonywa ushindi na kufutiwa ushindi?

Kubwa sana, na hapa ndipo daftari mbili zinapoachana.

Ukipokonywa, ushindi wako unageuzwa kipigo. Ilitokea kwa msimu wa 1993: Antonio Langham, shujaa wa swali la 10, alikuwa ameshasaini na wakala, hivyo hakustahili kucheza. Ushindi 8 na sare 1 vikawa vipigo. Msimu uliokuwa 9-3-1 unasomeka 1-12, na rekodi rasmi ya Stallings ikashuka kutoka 70-16-1 hadi 62-25.

Ukifutiwa, ushindi unatoweka tu. Haugeuki kipigo, na aliyefungwa haongezewi kitu. Mwaka 2009 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iliifutia Alabama ushindi 21 wa 2005 hadi 2007. Kosa lilikuwa la vitabu: wanafunzi wenye ufadhili, wakiwemo wanamichezo wa michezo kadhaa, walitumia utaratibu wa kuchukua vitabu vya masomo bure kuwachukulia na watu wengine. Msimu wa 2005, uliokuwa 10-2, unasomeka 0-2. Rekodi ya Shula kutoka 26-23 imekuwa 10-23.

18. Kwa hiyo Saban ana ushindi 206 au 201?

Alishinda 206, anaandikiwa 201. Zile 5 ni sehemu ya 21 za swali la 17, zote za msimu wake wa kwanza, 2007. Vipigo ni 29 katika daftari zote mbili. Ukiandika popote, taja unatumia lipi. Mimi hutumia la uwanjani ninapozungumzia ukocha, na rasmi ninapojumlisha ushindi wa chuo.

19. Wachezaji je? Nani ana rekodi?

Ajabu ni kwamba timu yenye historia yote hii haikuwa na mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, hadi Mark Ingram mwaka 2009. Wakafuata Derrick Henry 2015 (yadi 2,219 za kukimbia), DeVonta Smith 2020 (yadi 1,856 za kupokea na tachidauni 23 za pasi) na Bryce Young 2021 (yadi 4,872 za kurusha). Enzi za Bryant mpira ulitembea mikononi mwa wengi, na hakuna aliyepata nafasi ya kujaza takwimu namna hiyo.

## Pembezoni

20. Kwa nini hakuna mechi za Auburn kwa miaka 40?

Baada ya sare ile ya tope ya 1907, vyuo viwili vilishindwa kukubaliana kuhusu posho za wachezaji na uteuzi wa waamuzi. Watani wa jadi hawakukutana tena hadi 1948, Alabama iliposhinda 55-0. Ukiona pengo kwenye jedwali, si kosa la uchapaji.

21. Na misimu iliyokosekana kabisa?

Ni mitatu: 1898, chuo kilipokataza timu kusafiri kwenda kucheza nje, 1918 kwa vita ya kwanza ya dunia, na 1943 kwa ya pili.

22. Mechi ya kwanza na Auburn ni ya msimu gani?

Inategemea unamuuliza nani. Ilichezwa Februari 22, 1893, Auburn ikashinda 32-22. Alabama inaihesabu kuwa ya mwisho ya msimu wa 1892, Auburn inaihesabu kuwa ya kwanza ya 1893. Kumbuka pia kwamba pointi za enzi hizo zilihesabiwa tofauti. Tachidauni ilikuwa pointi 4, na haikufika 6 hadi 1912.

23. Mike Price alikuwa kocha au hakuwa?

Aliajiriwa mwishoni mwa 2002, akafukuzwa Mei 2003 kwa mwenendo wake nje ya uwanja. Aliongoza mazoezi, hakuongoza mechi hata moja. Orodha za ushindi na vipigo humruka, na ni sawa.

24. Alabama imewahi kuwa na kocha mkuu mweusi?

Hapana. Aliyekaribia ni Sylvester Croom, mzaliwa wa Tuscaloosa, aliyecheza chini ya Bryant miaka ya mwanzo ya 1970, miongoni mwa weusi wa kwanza kikosini, na baadaye akawa msaidizi wake. Price alipoondolewa mwaka 2003, Croom alihojiwa kwa nafasi hiyo. Akachaguliwa Shula. Desemba mwaka huo huo Mississippi State ikamwajiri, akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika SEC nzima.

Mwaka 2006 alikuja Tuscaloosa na kuifunga Alabama 24-16. Mwaka 2007, nyumbani kwake, akaifunga tena 17-12, Saban akiwa benchi la wageni.